Madigadi ya Kushoto Iliyokataa Rangi

Twahir Abdalla ni fundi wa bodi hapa Ukunda, na kama humjui basi gari lako halijawahi kugongwa. Gereji yake iko nyuma ya maduka ya mbao, ukiacha barabara kuu na kufuata harufu ya thina ya rangi. Mimi, Mwanarusi, nashona viti vya magari katika kibanda kilichoegemea ukuta wake, huu mwaka wa kumi na moja, kwa hiyo sisimulii habari za kuokota njiani. Nimemwona akicheka, nimemwona akinuna siku tatu kwa sababu ya rangi iliyochuruzika, na tangu mwaka jana nimemwona akiogopa kipande cha bati.

Si mtu wa maneno. Akiletewa gari hugonga bati kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasogea hatua moja, akagonga tena, na mwenye gari amesimama pembeni kama mtu aliyempeleka mzazi hospitali. Kisha hutaja bei moja, na ukibishana naye huenda zake kunywa chai. Hivyo ndivyo alivyokuwa babake, Mzee Abdalla, aliyemfundisha kazi. Ukoo wao kule Gazi ulikuwa wa mafundi wa mashua, na mzee ndiye wa kwanza kuacha mbao akashika bati. Lakini mikono yake haikuziacha mbao kabisa. Penye maungio ya bati, pale chumvi ya huku kwetu inapopenda kuingia, alikuwa akisokota pamba, akailoweka katika mafuta ya papa, akaipigilia kwa patasi kama anayekalafati mashua, ndipo akaweka filla, ile lipu ya bati, juu. Mafundi wenzake walimcheka. Magari yake hayakuoza.

Gari lenyewe lililetwa juu ya lori mwaka juzi, mwezi wa Februari. Lilikuwa gari la michezo la Kiingereza, la viti viwili, la mwaka wa sitini na saba, lenye paa la turubai lililobaki vyuma vitupu. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Aliyelileta aliitwa Caroline, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfanyakazi wa bima Nairobi, ingawa asili ya kwao ni mji wa Mackinnon Road. Babake, Mzee Elijah, alikuwa mhasibu wa hoteli moja Diani, na gari hilo alilinunua kwa mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Mzee alipofariki, wanawe wakafungua banda la nyuma ya nyumba wakalikuta humo, limefunikwa, magurudumu yamezama mchangani.

"Dad alipenda hii gari kuliko sisi," Caroline alituambia huku akicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Halafu siku moja tu akaiweka ndani, na hakuitoa tena. Nataka itembee. Nataka nimpeleke Mum nayo hadi Mackinnon Road siku tutakayojengea kaburi."

Twahir alilizunguka mara mbili, akagonga, akasikiliza. Akamwambia kwa heshima kwamba kwa gharama ya kulifufua gari lile angenunua magari matatu ya maana. Caroline akasema analijua hilo. Mimi nilidhani halijui, na mambo yalivyokwenda nilikuwa sahihi.

Sakafu ilikuwa imeliwa hadi ukikaa unaiona ardhi. Milango ilikuwa na kutu ndani kwa ndani, ile kutu inayokungoja uichokoe ndipo ikuonyeshe ukubwa wake. Kabureta ziliagizwa Uingereza, zikakaa bandarini Mombasa miezi miwili, na ushuru wake ukazidi bei ya kabureta zenyewe. Bampa ikaja isiyo yake ikarudishwa. Caroline aliuza kiwanja. Baadaye akaacha kutuambia anauza nini. Twahir, kwa kumhurumia, alikataa kuagiza sakafu, akaikunja mwenyewe kwa nyundo kipande kwa kipande, na kipande kimoja cha ukubwa wa sinia kilimla wiki tatu. Mimi nilifumua viti vya zamani nikahesabu matundu ya sindano ili uzi wangu upite palepale, na vidole vikanivimba hata sikuweza kufunga kishikizo cha mwanangu. Nasema haya ili mtu asije akadhani kufufua gari la watu ni mchezo wa wenye pesa. Wenye pesa hutoa pesa. Sisi tulitoa mifupa.

Sehemu moja tu haikuguswa, madigadi ya mbele ya kushoto, lile bati linalofunika gurudumu. Twahir aliigonga ikatoa sauti nzito, sauti ya bati lililotengenezwa zamani likatengenezeka. Akapitisha kiganja juu yake, hakuna hata mkwaruzo. "Aliyeifanya hii alijua kazi," alisema. "Hii tuiache, tumpunguzie mama wa watu." Hakujua anamsifu nani.

Rangi ilikuwa buluu, ileile ya kiwandani. Gari zima liliipokea vizuri, ila madigadi ya kushoto ikaikataa. Rangi ilipotua juu yake ilijikusanya na kukimbia, ikaacha vishimo vidogo vya mviringo, mamia, kama macho ya dagaa yanayokuangalia. Twahir akapiga msasa, akaosha kwa thina, akarudia. Vikatoka vilevile, mahali palepale. Mara ya tatu alibadili hata bunduki ya rangi, akazuia watu wasipite, akaniambia na mimi nizime feni. Tukasubiri. Macho yakafunguka moja baada ya jingine mbele yetu.

Hapo maneno yakaanza. Jirani yetu wa kuchaji betri akasema gari lina mtu, yaani jini. Mwingine akataka tuchinje kuku. Mimi niliwatukana wote wawili, lakini nakiri kwamba adhuhuri, gereji ikiwa kimya na watu wamekwenda kuswali, nilikuwa nikisikia bati lile likigonga lenyewe, tak, kisha tak. Bati likipata jua hulia, kila fundi anajua. Ila mengine yalinyamaza na hili likalia. Tena lilikuwa na harufu. Kila jua lilipokolea harufu ilitoka upande ule, nzito, ya samaki, na mimi niliijua. Ilikuwa harufu ya kanzu ya kazi ya Mzee Abdalla, na mzee alikuwa amezikwa miaka minne.

"Twahir," nilimwambia, "hii kazi ya babako."

Alichukua patasi akaanza kuchokoa filla. Chini yake tukakuta pamba imesokotwa na kupigiliwa, bado ina mafuta. Mafuta ya papa yalikuwa yakipenya polepole kila bati lilipopata moto, na rangi haishiki penye mafuta. Basi hilo ndilo lililokuwa jini letu, nami nikashusha pumzi. Nilikuwa nimekwisha kuanza kucheka alipoichomoa pamba yote, na bonde la zamani likaonekana.

Twahir husoma bati lililobonyea kama wengine wanavyosoma barua. Mti huacha mstari. Ng'ombe hubonyeza juu na kupasua taa. Hili lilikuwa bonde la chini, la mviringo, la kitu kisicho kigumu na kisicho kirefu. Aliweka nyonga yake pale, ikapita juu sana. Akachuchumaa akatazama. Ndani kabisa, kwenye ungio, nyuma ya pamba ya mwisho, palikuwa na kifurushi cha kitambaa cheusi kilichoshonwa pande zote, kama hirizi ambayo mafundi wa mashua huipachika ndani ya mbao kuomba salama. Alinipa mimi nifumue, maana ndimi mwenye mkasi mdogo.

Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Juu palikuwa na Fatiha. Chini yake palikuwa na Kiswahili, mwandiko wa mzee, na Twahir aliusoma kwa sauti kabla hajajua anachosoma: "Mola mrehemu Husna binti Maimuna. Mimi Abdalla nimeona na nimenyamaza."

Husna nilikaa naye chuoni tukisoma Kurani, mkeka mmoja. Alikuwa na miaka tisa, na mimi tisa. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka wa mvua za Elnino, Januari, mvua inamwagika tangu asubuhi, na mamake alimtuma dukani Mwabungo kununua barafu ya futari. Gari lilimgonga likaenda zake. Hakuna aliyeliona kwa mvua ile. Walimkuta kando ya barabara kuu, mfuko wa barafu bado mkononi, barafu imekuwa maji. Polisi waliuliza wiki moja. Bi Maimuna ameuliza miaka yote. Hata leo akiona gari lenye bonde mbele husimama akalitazama, na watu wameshamzoea.

Nilikaa chini. Twahir alibaki amesimama na karatasi yake.

Nitasema ukweli ingawa unaniaibisha. Mimi nilimwambia aichome. Nilimwambia, piga lile bonde, osha mafuta, paka rangi, mpe mwenye gari gari lake. Mzee Elijah amekufa, Mzee Abdalla amekufa, Husna alitangulia, utamfaidi nani? Nilisema hivyo kwa sababu nilimpenda Mzee Abdalla. Mume wangu aliponiacha ndiye aliyenipa ule ukuta niegemeze kibanda, wala hakunitoza kodi. Sikutaka niwe nimepewa kibanda na mtu wa namna hiyo.

"Unakumbuka mashine ya kuchomelea ilikuja lini?" akaniuliza.

Nilikumbuka. Kila mtu alikumbuka. Mzee Abdalla alikuwa hana kitu, na baada ya Idi ya mwaka uleule akaonekana na mashine mpya, ya kwanza kwa mafundi Waswahili wa hapa. Alisema amepewa na mteja aliyeridhika na kazi yake. Ndiyo aliyomfundishia Twahir. Ndiyo iliyoungia sakafu ya gari hili.

"Na siku ya maziko," alisema, "ulikuwepo."

Nilikuwepo, upande wa wanawake. Jeneza lilipokuwa halijanyanyuliwa, Twahir mwenyewe alisimama kama inavyotakiwa, akawaambia watu kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na aliyekosewa amsamehe kwa ajili ya Mungu. Watu wakaitikia kwamba wamemsamehe. Nyuma yangu Bi Maimuna aliitikia kwa sauti kuliko wote, analia, kwa sababu kila Ramadhani tangu mwanawe afe Mzee Abdalla alikuwa akimpelekea unga, tende na samaki, yeye mwenyewe kwa miguu. Tulikuwa tukisema, huyo ndiye muungwana.

Sasa hapo ndipo penye kisu. Sisi tumefundishwa kwamba Mungu anaweza kukusamehe ya kwake, lakini haki ya mja iko mikononi mwa mja mwenyewe. Bi Maimuna alisamehe kitu asichokijua. Twahir akinyamaza, babake yuko kaburini na msamaha wa bandia. Akisema, huenda mama akaurudisha, na mtu aliyemsomesha na kumlisha akabaki huko bila chochote. Mwana gani atamfanyia babake hivyo kwa mkono wake? Na mwana gani atamwacha vile alivyo?

Wiki tano gari lilisimama. Caroline alipiga simu, Twahir akasema rangi haijakauka. Alijaribu kulipiga lile bonde. Nilimwona akinyanyua nyundo, akaishusha taratibu akaiweka juu ya meza. Aliniambia kwamba kila akiinyanyua anasikia mtu mwingine anapiga upande wa pili wa bati, mpigo mmoja nyuma ya wake. Akaacha kula mchana. Alimwuliza mwalimu wa chuo, bila kutaja majina, na mwalimu akamjibu kwamba wa kuulizwa ni mwenye haki. Jibu hilo alikuwa nalo tangu siku ya kwanza.

Alhamisi moja alinigongea ukuta. "Nisindikize Mwabungo. Siwezi kuingia kwa mjane peke yangu, na peke yangu sitafika."

Bi Maimuna tulimkuta uani anachambua mchele. Tukapiga hodi, tukampa shikamoo, akaitikia marahaba wanangu, akatuulizia wa nyumbani mmoja mmoja. Twahir hakungoja chai. Alipiga magoti pale kwenye mchanga akamwambia yote, gari la nani, bonde liko wapi, mashine ilitoka wapi, kisha akampa karatasi. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile.

Bi Maimuna alikwenda chuoni utotoni, anasoma. Aliisogeza karatasi karibu na macho. Alipofika kwenye jina alilipapasa kwa kidole. Sisi huku ukiombewa jambo zito huitwa kwa jina la mamako, kwa hiyo jina lake lilikuwamo mle ndani pamoja na la mtoto, yote mawili, miaka ishirini na sita gizani ndani ya bati.

"Tende zake nilikula," alisema. "Kila mwaka nikifungulia tende zake, nikimwombea."

Akaikunja karatasi.

"Siku ile nilisema nimemsamehe. Nilimsamehe Abdalla ninayemjua mimi. Huyu unayeniletea leo sijamsamehe."

"Nimekufahamu, mama."

"Usinihimize. Wala usinitumie watu wa kunihimiza." Akanitazama mimi aliposema hivyo. Kisha akarudi kwenye ungo wake, lakini mikono haikuchambua kitu.

Njiani kurudi nilimshika Twahir bega, nikajuta kumsindikiza, kisha nikajuta kujuta.

Twahir alimwita Caroline kwa simu, naye akaja kwa ndege asubuhi ya pili yake. Twahir alimwonyesha madigadi ilivyo, wazi, bati tupu, akamweleza habari ya Husna. Aliingia akakaa kwenye kiti nilichomshonea, mikono kwenye usukani. Mwisho akasema, "Alituambia aligonga mbuzi. Nilikuwa Standard Eight. Nilimwuliza kama mbuzi alikufa, akasema hapana, alisimama akaenda." Alilia bila sauti. Akataka kwenda Mwabungo saa ileile, na Twahir akamwambia angoje aitwe. Alilipa kilichobaki chote, hata nilipomwambia asilipe. Gari hakulichukua. Liko pale ndani, linawaka mara moja ukigeuza ufunguo, buluu tupu isipokuwa pembe moja, na hakuna anayemwambia Twahir alimalize. Kaburi la Mzee Elijah lilijengewa bila ya gari.

Tangu hapo kila Ijumaa baada ya swala Twahir huenda Mwabungo, na mimi humsindikiza. Huuliza hali, hubeba maji, hutengeneza mlango uliolegea. Kisha kabla hatujaondoka humwuliza swali lake kwa sauti ya chini, kama amemsamehe babake, na Bi Maimuna humjibu, "Bado." Siku nyingine hulisema kwa hasira. Siku nyingine hulisema kama mtu aliyechoka kubeba kitu na hajaona pa kukitua.

Mwezi huu wa Shaaban Bi Maimuna alianguka uani kwa presha. Twahir alimbeba mikononi hadi kwenye gari la kukodi, akamkimbiza hospitali ya Msambweni, akakaa naye siku tatu nje ya wodi ya wanawake, akinunua dawa, akiwasumbua wauguzi, akiniuliza mimi kila nikitoka kama amepata fahamu sawasawa, kama anazungumza. Siku ya nne ilikuwa Ijumaa, akaruhusiwa kuingia. Mama amekonda, ana sindano mkononi, lakini macho ni yaleyale.

"Twahir," alisema, "siku hizi tatu umekuwa ukiniogopea mimi, au umekuwa ukimwogopea babako, nisije nikafa sijasema?"

Nilidhani atamwambia ni yeye tu. Mimi ningesema hivyo, mtu yuko kitandani.

Twahir aliinamisha kichwa. "Nakuogopea wewe, mama. Na babangu namwogopea zaidi."

Bi Maimuna alifumba macho. Kisha akaupeleka mkono ule usio na sindano, akaushika mkono wa Twahir, wenye makovu ya moto wa mashine.

"Babako alikuja kwangu miaka ishirini," alisema, "na hakuniambia neno moja la kweli. Wewe umeniambia. Kaa hapo."

Twahir akavuta kiti akakaa. Hakumwuliza swali lake siku hiyo.